“Eventually” ina maana gani, na ni wapi “hatimaye” haifai?

Msomaji mmoja wa Bukavu, aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza na ambaye sasa ofisi yake hupokea barua nyingi za Kiingereza, ameuliza swali ambalo nimekutana nalo mara nyingi kwa sura mbalimbali. Chuo kimoja cha nje kimemwandikia hivi: “Your deposit will eventually be refunded.” Yeye alielewa kwamba amana yake labda itarudishwa na labda haitarudishwa. Mwenzake aliyesomea Dar es Salaam akasema la, maana yake ni kwamba itarudishwa hatimaye. Mwingine akadai kwamba itarudishwa hivi karibuni. Anataka kujua ni nani aliyepatia, na ni maneno gani mengine ya Kiingereza yanayokaribiana na hilo, ili asije akakwama tena.

Ndugu msomaji, mwenzako wa Dar es Salaam ndiye aliyekaribia zaidi, ingawa neno alilolichagua halikai vizuri katika sentensi hiyo, na sababu yake nitaieleza. “Eventually” husema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba jambo litatokea, au lilitokea. Hapa hakuna labda. La pili ni kwamba kabla halijatokea muda wa kutosha utapita, mara nyingi pamoja na vikwazo, taratibu au kusuasua kwa aina fulani. Lisilosemwa kabisa ni lini. Kwa hiyo aliyekwambia “hivi karibuni” ndiye aliyepotea zaidi kuliko nyote, kwa sababu mwandishi ambaye angetaka kukuahidi fedha zako karibuni angetumia “soon” au “shortly”, na kule kuandika “eventually” ni kama kukuambia kwa upole kwamba usikae mlangoni ukisubiri.

Wewe nawe hukukosea kwa uzembe. Umeliona neno ambalo kwa sura ni ndugu wa “éventuellement” ya Kifaransa, na Kifaransa hakina shaka juu ya jambo hili: “éventuellement” ni pengine, huenda, ikibidi. Kijerumani nacho husema “eventuell” kwa maana ya labda. Kihispania huenda mbali zaidi, kwa kuwa “trabajador eventual” ni mfanyakazi wa muda, yule ambaye sisi tungemwita kibarua. Katika familia hii yote Kiingereza ndicho kilichoshika njia yake peke yake, na mtu aliyekuja kwenye Kiingereza akitokea Kifaransa, awe wa Bukavu, Bujumbura au Kigali, huangukia shimo lile lile.

Inasaidia kujua walikoachania njia. Mzizi ni kitenzi cha Kilatini “evenire”, yaani kuja nje, na kutoka humo likapatikana jina “eventus”, lenye maana ya kile kilichotoka. Ukilitazama kwa jicho la Kiswahili utaona kwamba sisi tumefuata njia hiyo hiyo bila kumuuliza Mlatini: toka, tokea, tokeo, matokeo. Jambo linapotokea, limetoka nje likaonekana. Sasa, jambo la kutokea laweza kutazamwa kwa pande mbili. Waweza kulitazama kabla halijatoka, ukasema linaweza kutokea. Huo ndio upande walioushika Wafaransa. Au waweza kulitazama kama tunda la mwisho la mfululizo wa mambo, matokeo yenyewe baada ya yote. Huo ndio upande ambao “eventually” ya Kiingereza imeishia. Hata hivyo Kiingereza hakikuutupa upande wa kwanza moja kwa moja. “Eventuality” bado ni jambo linaloweza kutokea, na mkataba wa bima unaosema “in the event of death” tunautafsiri “endapo mwenye bima atafariki”, si “mwenye bima atakapofariki”, ingawa sote tunajua kwamba kufa atakufa.

Hatari hiyo huenda pande zote mbili. Mkataba wa Kifaransa ukitaja “les frais éventuels”, yaani gharama zitakazojitokeza kama zitajitokeza, na mtu akaandika kwa Kiingereza “the eventual costs”, msomaji wa Nairobi ataelewa kwamba gharama zipo, zinakuja, na kilichobaki ni hesabu tu. Tangu Burundi na Rwanda zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022, karatasi za namna hii zinavuka mipaka kila siku, na neno moja linatosha kuwafanya wafanyabiashara wawili wasielewane.

Sasa nije kwenye “hatimaye”, kwa sababu ndilo neno ambalo kila mtu hulikimbilia. Ni neno zuri lenye ukoo mpana. Limeundwa kwa “hatima” na kiambishi cha kumiliki, yaani hatima yake, kama vile “mwishowe” ni mwisho wake. “Hatima” yenyewe imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufunga kwa muhuri na kumaliza, na ni mzizi huo huo uliotupa hitimu, mhitimu, hitimisho na hitima inayosomwa kwa ajili ya marehemu. Kwa hiyo anayesema “hatimaye” anasema kwamba jambo limefika pale lilipofungwa. Ndiyo maana neno hili hukaa vizuri katika mambo yaliyopita na hulegalega katika mambo yajayo: ukisema “fedha zako zitarudishwa hatimaye”, Mswahili atakuelewa, lakini atahisi kwamba umeweka muhuri kwenye barua ambayo bado haijaandikwa.

Tatizo jingine la “hatimaye” nililijua kwa kuumia. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi hii ya kutafsiri, familia moja iliniletea barua ya hospitali ya nje iliyokuwa ikieleza ugonjwa na kifo cha baba yao. Barua ilisema “The patient eventually died”, nami kwa haraka ya ujana nikawasomea: “Hatimaye mgonjwa amefariki.” Mzee mmoja, kaka wa marehemu, alivua miwani, akanitazama, akauliza, “Kwani walikuwa wakimsubiri afe?” Sikuwa na jibu. Niliirudia barua tangu mwanzo, na mara ya pili nikasoma: “Aliendelea kutibiwa, na siku ya kumi na moja akafariki.” Mzee akatikisa kichwa, akavaa miwani yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama hali ya kitenzi kabla sijaandika “hatimaye”. Ikiambatana na “-me-” husikika kama pumzi ya mtu aliyechoka kusubiri: hatimaye umeme umerudi, hatimaye mvua imenyesha, hatimaye Bi Harusi amefika. Hiyo siyo “eventually”. Hiyo ni “at last”. Ikiambatana na “-li-” au “-ka-” katika masimulizi marefu, neno hupoa na kuwa la msimuliaji tu, na hapo hulingana na “eventually” vizuri zaidi. Waandishi wa habari hulitumia kwa namna zote mbili, na sina ugomvi nao, ila kwenye barua ya msiba, hukumu ya mahakama au taarifa ya daktari ningeomba mtafsiri afikirie mara mbili.

Swali basi ni hili: kama “hatimaye” haitoshi, Mswahili husemaje “eventually”? Jibu langu, ambalo huenda likawashangaza waliozoea kutafuta neno kwa neno katika kamusi, ni kwamba mara nyingi hatuisemi kwa kielezi hata kidogo. Tunaiweka ndani ya kitenzi. Njia kubwa kuliko zote ni “kuja” kikifuatwa na kitenzi kingine: alikuja kugundua, walikuja kuoana, utakuja kujuta, nimekuja kuelewa ukubwani. Katika “walikuja kuoana” hakuna aliyesafiri kwenda popote. Kilichosafiri ni wakati. Kiingereza kingelazimika kusema “they eventually married”, na huko hatuhitaji kuongeza hatimaye, kwa kuwa kitenzi kimekwisha kuifanya kazi.

Kuna mtego mmoja tu. Mtendaji akiwa mtu mwenye miguu, “atakuja kulipa” inaweza kumaanisha kwamba ipo siku atalipa, na inaweza vilevile kumaanisha kwamba anatembea kuja dukani akiwa na fedha mfukoni. Mwenye duka la Kariakoo anayedai hatapenda kuchanganya hizo mbili. Mtendaji akiwa kitu kisichotembea, mtego huo haupo: “fedha zitakuja kulipwa” haina njia mbili.

Njia ya pili ni “-ishia”, ambayo hubeba mwisho wa safari, na mara nyingi mwisho usiotarajiwa au usiopendeza: alianza kwa kubeti shilingi mia tano akaishia kuuza pikipiki. Kiingereza kina “end up” kwa kazi hiyo. Njia ya tatu ni “-ka-” yenyewe ikiwa na “mpaka” au “hata” mbele yake: wakabishana mpaka wakachoka, wakanyamaza. Ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa jinsi ilivyo ndogo, nayo ni “tu” ya mwishoni. Mama anapomwambia mtoto aliyehamia shule ya bweni, “Utazoea tu,” hajasema utazoea peke yake wala utazoea kidogo. Amesema kuzoea ni lazima, siku sijui, wala usiniulize. Hapo “eventually” nzima, pamoja na uhakika wake na ukosefu wake wa tarehe, imeingia katika silabi moja. “Atarudi tu.” “Itapona tu.” Bado sijaona kamusi ya Kiingereza iliyomfundisha mgeni hilo.

Na tukitaka kulisema jambo hilo kwa uzito wa wazee, tuna methali, na methali hizo hazina hatimaye wala mwishowe ndani yake. “Hakuna marefu yasiyo na ncha.” “Mbio za sakafuni huishia ukingoni.” “Siku za mwizi ni arobaini.” Ya tatu ndiyo pekee iliyothubutu kutoa hesabu ya siku, na kila mtu anajua kwamba hesabu hiyo si ya kalenda.

Mfano wa mambo ya nchi utaonyesha jinsi hali ya kitenzi inavyoamua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Mtu aliyeandika kwa Kiingereza mwaka 1990 kwamba “the government will eventually move to Dodoma” hakusema uongo, wala hakumdanganya mtu kwamba ni kesho. Kwa Kiswahili, sentensi hiyo ningeiandika “ipo siku serikali itahamia Dodoma”, au “serikali itakuja kuhamia Dodoma”. Bunge lilitangulia katika miaka ya 1990, na kuhama kwenyewe kwa serikali kukaanza kwa kasi mwaka 2016. Anayeandika leo anaweza kusema kwa raha “hatimaye serikali ilihamia Dodoma”, kwa kuwa muhuri umekwisha kupigwa. Kiingereza hutumia neno moja kabla na baada ya safari, sisi tunabadilisha.

Umeuliza pia juu ya maneno jirani. Nitayapitia nikikaa zaidi kwenye yale yanayochanganya watu.

“Finally” ndilo mkorofi wao, kwa kuwa lina kazi tatu. Likisimama mwanzoni mwa aya katika hotuba au ripoti, hutaja jambo la mwisho katika orodha, na tafsiri yake ni “mwisho” au “la mwisho”, kama msemaji anavyosema “mwisho kabisa, nawashukuru waandaaji”. “Eventually” haiwezi kamwe kufanya kazi hiyo, na wanafunzi wengi hupoteza alama hapo. Likikaa karibu na kitenzi, “he finally came”, huwa ni kungoja kulikokwisha, na hiyo ni “hatimaye” ya “-me-” niliyoieleza juu. Na katika lugha ya uamuzi, “the matter was finally settled” huweza kumaanisha kwamba shauri limekwisha kabisa, halifufuki. “Lastly” lina kazi ile ya kwanza peke yake.

“At last” ni kungoja na nafuu tu. Nenda stendi yoyote jioni, basi lililochelewa linapojitokeza kwenye kona, sikiliza watu wanavyosema. Hawasemi “hatimaye”. Wanasema “Afadhali!” Ikiwa unatafsiri mazungumzo ya mhusika katika hadithi na umekuta “At last!”, afadhali ndiyo inayopumua.

“In the end” ni ndugu wa karibu sana wa “eventually”, ila mkazo wake si muda bali ni kwamba mambo yalizungushwa huku na huko, pengine watu wakabadili mawazo, kisha likawa lile lililokuwa: tulifikiria kupanda ndege, tukafikiria treni, mwishowe tukaenda kwa basi. Hapo “mwishowe” hupita vizuri, na huko kwenu naamini husikika pia “ku mwisho”. Lisichanganywe na “at the end”, ambalo ni mahali au saa halisi, mwishoni mwa barabara au mwishoni mwa mwezi.

“Ultimately” lina sura nzito zaidi. Wakati mwingine ni mwisho wa mnyororo mrefu wa sababu, na hapo twaweza kusema “hatima yake ni” au “mwisho wake”. Lakini mara nyingi halihusu wakati kabisa. “Ultimately, the decision is yours” haisemi kwamba baada ya muda mrefu uamuzi utakuwa wako. Inasema uamuzi wa mwisho ni wako, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuandikwa. Hapa pia ndipo ilipoingia “mwisho wa siku”, iliyobebwa nzima nzima kutoka Kiingereza na ambayo leo utaisikia redioni, bungeni na kwa makocha wa mpira. Siichukii, imekwisha kuota mizizi. Ila siiweki katika hati rasmi, kwa sababu ipo hatari ya mtu makini kuuliza ni siku gani.

“In due course” ni lugha ya ofisi, na kwa bahati ofisi zetu zina la kwao: “Utajulishwa kwa wakati muafaka.” Tofauti yake na “eventually” ni kwamba inadai kuna utaratibu, hatua zinazofuatana, na zamu yako itafika. Ni ya adabu zaidi, ingawa aliyewahi kujulishwa kwa wakati muafaka anajua kwamba adabu na haraka ni vitu viwili. “Sooner or later” lina onyo ndani yake, na wengi huliandika “mapema au baadaye”, tafsiri ambayo maneno yote ni ya Kiswahili na bado haisikiki kama Kiswahili. “Ipo siku” hutosha, au ile methali ya mwizi. “Someday” ni “ipo siku” pia, ila bila onyo, kwa matumaini. “Siku moja” nayo huiachia zaidi masimulizi ya yaliyopita. “In time” ni kadiri siku zinavyokwenda, na ndipo “tu” ya mama hufaa kuliko yote. Kivumishi “eventual” nacho hakina mwenza, hivyo kifungue kiwe kitenzi: “the eventual winner” ni yule aliyekuja kuwa mshindi.

Kwa wanaotafsiri vitabu vya kompyuta na hisabati, niongeze jambo moja, kwa sababu huko neno hili limepewa maana iliyopimwa. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kompyuta Amir Pnueli, ambaye mwaka 1996 alipata tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, aliingiza mantiki ya wakati katika uchunguzi wa programu, na ndani ya mantiki hiyo kusema kwamba jambo ni “eventually” kweli ni kusema kwamba kuna hatua moja, iwe sasa hivi au wakati wowote ujao, ambapo litakuwa kweli. Lazima litokee, hatua yenyewe haitajwi. Katika hisabati, mfuatano ambao “eventually” ni chanya ni ule ambao kuanzia hatua fulani na kuendelea haugeuki tena. Wala huko hakuna “labda”. Waliotaka usahihi walilichukua neno hilo hilo la barua yako, na walichokiacha nje ni tarehe.

Basi turudi kwenye barua. Sentensi ya chuo ningeitafsiri hivi: “Amana yako itarudishwa, ila itachukua muda.” Nimeligawa neno moja katika vipande viwili, ahadi upande mmoja na kuchelewa upande wa pili, kwa sababu ndivyo lilivyo. Kisheria na kiofisi, kipande cha kwanza ndicho cha kukishika: wamekiri kwa maandishi kwamba watarudisha, na kama ungelitafsiri kwa “labda” ungewasamehe deni ambalo wenyewe wamelikubali. Kipande cha pili ndicho cha kukijibu. Waandikie ukiwashukuru kwa kuthibitisha kwamba amana itarudishwa, kisha waulize tarehe, na katika kuuliza tumia “by”, si “until”, kwa kuwa zote mbili kwetu huwa “mpaka” au “hadi” na ni chanzo cha mkanganyiko mwingine: “Could you please tell me by what date the refund will be made?” Wakikujibu kwa “in due course”, andika tena.